Udongo wa Kwale

Gundi ya mgunga ikipashwa moto hutoa harufu ambayo wapangaji wenzangu hapa mtaani Ngokolo wameshanilalamikia zaidi ya mara moja. Ina utamu kidogo, ina moshi, na ina ukali fulani unaokaa puani hadi mchana. Kijana mmoja wa chumba cha pili, mstaarabu kabisa, alinishauri ninunue rangi za makopo dukani kama wachoraji wengine, nipumzike na habari za moto. Nilimshukuru nikaendelea kukoroga. Mimi sinunui rangi. Aliyenifundisha ukaidi huo tumemzika mwisho wa kiangazi hiki, na pale pale msibani, udongo haujakauka juu ya kaburi, nilisikia ndugu zangu wawili wakinong'onezana chini ya turubai kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila alitunyima utajiri.

Sikuwajibu siku ile, kwa kuwa msiba una heshima yake. Leo harufu hii imenipanda kichwani na sina msiba wa kuheshimu, kwa hiyo nitaeleza jinsi alivyotunyima.

Shangazi Kabula alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Alirudi nyumbani kutoka kwa mumewe kabla mimi sijaanza shule, akiwa na beseni la nguo na jiwe lake la kusagia. Mumewe hakumfukuza kwa mdomo. Alioa mke mwingine, akahamishia ng'ombe kule, akaacha kula kwake, na wahenga walishasema akufukuzaye hakwambii toka. Kosa la shangazi, kwa maneno ya wifi zake, lilikuwa kuchora. Wanawake wote wa kwetu hupamba kuta za nyumba wakishazikandika, mistari miwili mitatu ya udongo mweupe, basi. Yeye alijaza kuta kwa ndege, nyoka, kenge, miti na mizizi ya miti, mpaka mume akasema hawezi kulala akitazamwa na kenge.

Kijiji chetu kiko mbele ya Tinde, ukishaiacha lami. Nyuma ya boma letu palikuwa na ngitili ya babu. Kwa ambaye hakukulia Usukumani, ngitili ni kipande cha pori ambacho familia hukifunga wakati wa mvua, asiingie ng'ombe wala mtu mwenye shoka, ili kiangazi nyasi zikiisha kwingine mifugo ipate pa kushika. Yetu ilikuwa na migunga, mikwaju, vichaka vya miiba ambavyo hata mbuzi waliviogopa, na upande wa chini genge la udongo mwekundu lililochongwa na maji ya mvua. Baba alikuwa ndiye mwenye mamlaka nayo tangu babu afariki. Shangazi alikuwa ndiye mwenye kuitazama.

Nasema kuitazama kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake yenyewe. Alikwenda asubuhi umande haujakauka, akakaa juu ya mzizi, asichore kitu. Hakubeba karatasi wala mkaa. Kama alikuwa anamtaka kwale, alimtazama kwale anachakura, anatulia, anageuza shingo, anakimbia na watoto wake, na alirudi nyumbani mikono mitupu. Kesho yake alikwenda tena. Nilimuuliza mbona hachori kama anamwona, akaniambia macho yaachwe kwanza yaone njaa. Alipokuwa tayari, alichukua udongo kutoka pale pale kwale alipochakura, akaufunga kwenye kipande cha khanga. Hiyo ilikuwa sheria yake na hakuivunja hata mara moja. Ndege achorwe kwa udongo aliokuwa akiukanyaga, mti kwa udongo wa shinani pake. Kijani kilimshinda, kwa kuwa rangi ya majani yaliyotwangwa hugeuka kahawia baada ya siku chache, na yeye hakukubali kununua. Watu walipomwambia majani ni ya kijani, aliwaambia waje wayatazame mwezi wa tisa.

Udongo ukifika nyumbani aliuanika, akausaga juu ya jiwe, akaumimina kwenye karai la maji na kukoroga kwa mkono. Kisha alisubiri kidogo. Mchanga mzito ulizama, naye akayamimina yale maji mekundu taratibu kwenye chungu. Ule mchanga uliobaki chini ya karai aliutupa nyuma ya jiko. Maji ya chunguni aliyaacha yalale, asubuhi akayatoa juu, chini ikabaki tope laini kama samli. Tope hilo ndilo lililokuwa rangi. Alilichanganya na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa kwenye kikombe cha bati, akachovya kijiti kilichotafunwa ncha, au unyoya, na kuchora juu ya kitambaa cha marekani alichokipaka uji wa muhogo kikakauka na kukakamaa.

Mimi nilikuwa nikiyaona yote haya nikayaelewa vibaya kabisa. Mtoto wa kwetu hujua karai ni la nini. Sote tulishawaona wachimbaji wakiponda mawe, wakisaga, wakiosha kwenye mwalo, mahali pao pa kuoshea, wakimwaga maji machafu na kubaki na kile kizito cha chini, na kizito hicho ndicho chenye dhahabu. Nikaona shangazi yangu anafanya kazi ile ile ila anakosea mwisho. Anatunza maji machafu na kutupa mali. Nilimwonea huruma. Sikumsahihisha, kwa sababu mtoto hamsahihishi mkubwa, lakini kila alipotupa ule mchanga nyuma ya jiko mimi niliufuata, nikauzoa na kuutia kwenye kopo la maziwa ya unga nililolificha chini ya kihenge cha mtama. Niliamini siku moja nitamkabidhi utajiri wake na atalia kwa furaha.

Sikuwa peke yangu katika ujinga huo. Ua wetu ulikuwa wa minyaa, na minyaa haizuii macho. Mama Shija, jirani yetu, aliyekuwa anajua kilichopikwa kila nyumba kabla hakijaiva, alimwona shangazi akisaga na kuosha, akasaga tena, akaosha tena. Akaenda kisimani na habari kwamba Kabula anaosha. Hakuongeza neno, na hakuhitaji. Kwetu mtu akisikia fulani anaosha, haulizi nguo. Kufikia gulio lililofuata habari ilishafika kwa Maganga.

Maganga alikuwa mtu wa kijiji chetu aliyekaa miaka kwenye machimbo ya upande wa Geita, akarudi na vijana wake, kamba zake, na mabuti ya mpira aliyoyavaa hata jua linapopasua ardhi. Alikuja nyumbani mchana, akapewa kiti, akamuuliza shangazi anaosha nini. Shangazi akamweleza kwamba anatengeneza rangi, akamwonyesha na picha. Maganga alicheka kwa adabu. Akasema picha ni nzuri, lakini anataka kuona mchanga. Shangazi akamwambia mchanga unatupwa.

Hapo nikaona siku yangu imefika. Nilikimbia kihengeni nikaleta kopo. Sijutii, na msinisubiri nijute. Nilikuwa mtoto mwenye kopo la utajiri, na nilitaka lionekane.

Maganga aliuosha ule mchanga kwenye karai la shangazi mwenyewe, katikati ya ua, baba amesimama kushoto, mama amesimama mlangoni. Alizungusha, akamwaga, akazungusha. Mwishoni ikabaki pembe ya mchanga mweusi, na ukingoni mwake mstari mwembamba wa njano, mfupi kuliko ukucha wangu. Nilimtazama shangazi nione anavyofurahi. Alikuwa ametazama karai lake kana kwamba limetapikiwa.

Tangu siku hiyo baba hakuwa yule. Simlaumu kwa kutamani. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na mvua ikinyesha tulihamisha vitanda kama watu wanaocheza bao. Alianza kuongelea mabati, akaongelea kisima, akaongelea kunipeleka shule ya bweni. Walikubaliana na Maganga kwamba ngitili ikifunguliwa kiangazi vijana washuke gengeni wafungue duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao, na mawe yatakayotoka familia ipate sehemu yake. Migunga ingekatwa kushikilia kuta za shimo. Ng'ombe wangetafutiwa malisho mengine, ingawa hakuna aliyesema wapi.

Shangazi alikataa. Alikataa jioni ile ile walipokuwa wanakula, mbele ya mama na mbele yetu watoto, na alikataa tena kila baba alipogusa habari hiyo. Alisema duara moja haliwi moja, yatakuwa mengi, na alishaona pori la upande wa ukweni lilivyobaki matundu matupu. Baba alivumilia mwanzoni, maana dada mkubwa ni dada mkubwa. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Dada, wewe ulishaolewa ukarudi," alisema. "Ardhi hii huna neno."

Mama aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilijua kitu kibaya kimesemwa, kwa sababu hata yeye baba aliacha kutafuna. Shangazi alinawa mikono polepole.

"Sikuomba shamba, Masanja," akajibu. "Sikuomba ng'ombe wala sehemu ya mawe. Nimeomba mahali pa kutazama, na hapo sitoki."

Mvua zikaisha. Pamba ikavunwa, mtama ukaingia ndani, na siku ya kufungua ngitili ikakaribia. Maganga akaja kupanga mambo yake. Kati ya yote aliyomwagiza baba, alikazia moja. Wanawake wa nyumba hii wasilisogelee lile genge kabisa, wasipite hata na ndoo. Mwanamke akikanyaga mdomo wa duara, dhahabu inakimbia. Machimboni wanaliamini hilo kuliko wanavyoamini mvua, na walishafukuza wengi, hata mama lishe waliowapelekea uji. Shangazi alikuwa anasonga ugali jikoni, mlango wazi. Nilimwona anaacha kusonga. Kisha akaendelea, na nadhani alikuwa anatabasamu, ila moshi ulikuwa mwingi.

Kiangazi ndio msimu wa kukandika. Nyumba zimechanika kwa jua, mavuno yameingia, wanawake wanatafuta udongo mzuri wa kuta. Shangazi alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia kwamba genge la ngitili yetu lina udongo mwekundu usiopasuka, na yeyote anakaribishwa kuchota. Wengine walimwuliza vipi kuhusu Maganga na mwiko wake. Akawajibu kwamba mwiko ni wa Maganga, yeye ana udongo tu.

Asubuhi ya kufungua, alinishika mkono. Alibeba jiwe lake, karai, kikombe cha gundi na kitambaa, mimi nikabeba kigoda. Tulipofika gengeni tulimkuta Mama Shija ametutangulia, ameshajaza ndoo. Yule yule aliyelitangaza karai letu kisimani. Mumewe alikwenda machimbo kabla Shija hajatambaa, na hajarudi mpaka leo ninapoandika. Shangazi alimsalimu, wakatazamana, na Mama Shija akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongelea bei ya dagaa, "Dhahabu ilishanikimbia mimi zamani. Na leo ikimbie."

Wakafuata wengine, na mabeseni, na watoto mgongoni, na vicheko. Waliketi pale, wote wekundu kwa udongo, wakachimba kwa majembe yenye mipini mifupi. Shangazi akaweka kigoda chake mahali hasa ambapo Maganga alikuwa amechomeka kijiti cha alama, akaanza kusaga. Mimi alinipa kipande changu cha kitambaa, cha kwanza maishani, na unyoya. Akaniambia nichore nilichokitazama. Nilikuwa nimemtazama kwale pamoja naye masika yote, nikaanza na mguu kwa kuwa ndio ulionipendeza.

Maganga na vijana wake walifika jua likiwa limepanda. Walisimama mbali, kwenye kivuli cha mgunga wa mwisho, kamba begani, na hawakusogea hata hatua moja zaidi. Kijana mmoja alishusha sururu yake chini. Maganga alimwita baba. Baba alikuja anatembea kwa hasira, akasimama juu ya genge, akawaamuru wanawake waondoke. Hao hawakuwa wake zake, na walimjibu kwa heshima zote, shikamoo baba nanihii, tunachota udongo kidogo tu, tunamaliza sasa hivi. Hawakumaliza. Akamwamuru mama, na mama, ambaye sikuwahi kumwona akibishana na baba, akasema ndoo yake haijajaa. Shangazi hakuamriwa. Nadhani baba alijua.

Nikabaki mimi. Mimi nilikuwa binti yake, na mbele ya wanaume wale alihitaji walau mtu mmoja amtii.

"Wewe," aliniita. "Toka hapo. Njoo."

Nilisikia kila neno. Tone la rangi likaniangukia pajani kutoka kwenye unyoya. Nilimwogopa baba kuliko chui. Nilimtazama shangazi nione atasema nini, naye aliendelea kusaga, hakunitazama hata kidogo. Siku nyingi baadaye nilielewa kwamba aliniachia mwenyewe. Baba akaniita mara ya pili, kwa jina langu lote. Nikainamisha kichwa nikavuta mstari wa ukucha wa kwale.

Hakuna aliyenigusa. Maganga alitema mate, akamwambia baba pale pameshaharibika, dhahabu imehama, vijana wake hawatashuka shimo lililokaliwa na wanawake kijiji kizima. Wakaondoka na kamba zao. Walikwenda kuchimba ng'ambo ya kilima, kwenye ngitili ya watu wengine. Huko walipata kidogo, wakagombana, wakahama, na wameacha mashimo ambayo hadi leo yanameza ng'ombe.

Nilikuja kumuuliza shangazi, nikiwa binti mkubwa, kama kweli aliamini dhahabu inamkimbia mwanamke. Alisema hajui, hajawahi kuifuata aone inakimbilia wapi. Mwiko waliuleta wao, yeye aliukalia tu.

Gharama tulilipa, na sitaificha. Baba hakuongea na dada yake hadi mvua zilipoanza tena. Alikuwa akimtuma mama aseme kwa shangazi, na shangazi akijibu kwa mama, watu watatu kwenye ua mmoja. Mabati yalikuja nikiwa nimeshahama. Shule ya bweni sikwenda. Kila mtu wa kijijini aliyekosa kitu mwaka ule alilitaja jina la Kabula, na ndivyo walivyokuwa wakifanya hata chini ya lile turubai. Kwa hiyo ndugu zangu, jibu lenu hili hapa. Ndiyo, alitunyima. Alijua anatunyima nini, na mimi nilikaa pembeni yake. Ngitili ipo, ng'ombe wenu wanaila kila kiangazi, na yeyote anayeona haya kula utajiri huo awapeleke ng'ombe wake kwingine.

Ila kuna jambo moja la siku ile ambalo sijapata kumsimulia mtu. Jioni baba alinikuta nimekaa nyuma ya jiko na kitambaa changu. Nilijua amekuja kunichapa, nikakaza mgongo. Hakuwa na fimbo. Alichuchumaa mbele yangu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Nilikuita. Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukuja?"

"Nilikuwa sijamaliza kuchora."

Alikichukua kitambaa mikononi mwangu. Nilidhani atakichana. Alikitazama muda mrefu, akakigeuza kwenye mwanga uliobaki. Baba alichunga ng'ombe ndani ya ngitili ile tangu akiwa mdogo kuliko mimi, na hilo nilikuwa sijawahi kulifikiria hata mara moja.

"Huyu ni kwale dume?"

Nikasema ndiyo.

"Dume ana mwiba nyuma ya mguu. Wewe hujauweka." Akanirudishia kitambaa, akasimama, akajipangusa magoti. "Kesho nenda katazame vizuri."

Nilikuwa nitakwenda hata asingesema, lakini hilo sikumwambia.